Una lupasi, baridi yabisi au kinywa kikavu? Fanya haya kabla ya kukalia kiti cha meno

Dirishani kwetu, kliniki ya meno hapa Kigoma, swali ni lile lile, sauti ndiyo inabadilika. "Tabibu, nina baridi yabisi, nang'olewa jino au sing'olewi?" "Dada yangu ana lupasi, kaambiwa asiguswe meno kabisa, ni kweli?" "Mdomo unanikauka mpaka ugali haushuki, hiyo ni kesi ya meno au ya wapi?" Nimejibu koridoni, nimejibu kwenye simu, nimejibu sokoni Mwanga huku nimeshika fungu la migebuka. Sasa nimeyaweka pamoja kwa mfuatano. Soma ukiwa na dawa zako mezani, maana nitakutuma uziangalie.

Jibu fupi kwa wenye haraka: ndiyo, meno yako yanatibika, kuanzia kuziba mpaka kung'oa. Wanaopata shida wengi ni wale waliokalia kiti wakanyamaza.

Nadharia kidogo tu

Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa usiku. Katika magonjwa haya mlinzi anaacha kumkimbiza mwizi, anaanza kumpiga mwenye nyumba. Lupasi inaweza kupiga ngozi, viungo, figo na kinywa. Baridi yabisi ninayoisema hapa ni ile inayovimbisha vidole na viwiko vya pande zote mbili na kukaza mwili asubuhi, si kila goti linalouma baada ya kulima. Ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933, unakausha mate na machozi. Pemfigasi inaleta malengelenge yanayopasuka, na mara nyingi huanzia mdomoni kabla ngozi haijaonyesha kitu. Skleroderma inakaza ngozi hadi mdomo unakuwa mdogo. Kisukari aina ya kwanza nacho kimo kwenye ukoo huu.

Kinywa kinaumia mara mbili: ugonjwa wenyewe unakigusa, kisha dawa za kushusha kinga zinafungulia njia fangasi na usaha. Inatosha, tuendelee.

Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari lako la kliniki, lile lenye mwandiko wa daktari anayekutibu ugonjwa mkubwa. Daftari jipya ulilonunua getini halinisaidii kitu.
- Dawa zote unazotumia, zikiwa na maboksi au karatasi zake. Weka na za duka la dawa, na miti shamba pia. Hatutakugombeza.
- Majibu ya vipimo ya karibuni: picha nzima ya damu, sukari, figo. Kama unatumia wafarini, ile dawa ya kuyeyusha damu, kipimo cha INR (kinachoonyesha damu yako inachelewa kiasi gani kuganda) kisichozidi siku 3.
- Namba ya simu ya kliniki yako.
- Nyumbani: mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi, chumvi, chupa ya maji ya kutembea nayo.
- Kama unatoka vijiji vya ziwani kwa boti, mtu wa kukusindikiza na mpango wa kulala mjini usiku mmoja. Utaona sababu hatua ya 4.

Hatua kwa hatua

1. Andika ukurasa mmoja.

Ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa. Kwa mfano: "Lupasi, tangu 2019. Prednisoloni mg 10 kila asubuhi. Haidroksiklorokwini mg 200 mara 2. Nadhurika na septrini. Figo ziliwahi kuguswa." Mistari mitano hiyo inaniokolea nusu saa ya kubahatisha.

Usiniambie "nakunywa kale kavidonge kadogo keupe kachungu". Vidonge vidogo vyeupe vichungu ni vingi kuliko dagaa. Kama hujui kusoma jina, leta boksi.

2. Usiache dawa yoyote kwa sababu unakwenda kung'oa jino.

Hapa ndipo watu wanapojiumiza zaidi, na mara nyingi kwa ushauri wa jirani. Tuzipitie moja moja.

*Prednisoloni.* Ukiitumia kwa zaidi ya wiki 3 mfululizo, mwili unapunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ukikata ghafla, presha inaweza kushuka, ukatapika, ukazimia, na jino hata halijaguswa. Siku ya kwenda kwetu meza dozi yako kama kawaida. Kwa kuziba au kung'oa jino moja kwa ganzi, dozi ya kawaida kwa kawaida inatosha. Upasuaji mkubwa ni habari nyingine: hapo daktari wako anaweza kuiongeza, yeye mwenyewe, si wewe.

*Methotreksati.* Kwa baridi yabisi humezwa siku moja tu kwa wiki. Nakazia hili kwa sababu wapo wanaoimeza kila siku wakidhani ni kama dawa nyingine, na dalili ya kwanza ya sumu yake mara nyingi ni vidonda vya mdomoni. Kama umekuwa ukiimeza kila siku na mdomo umechanika, acha kusoma, nenda hospitali leo na boksi lake mkononi. Anayeimeza sawasawa hana haja ya kuiacha kwa ajili ya jino, labda aambiwe hivyo na daktari wake.

*Wafarini na aspirini.* Baadhi ya wenye lupasi damu yao huganda ovyo, ndiyo maana wanapewa hizi. Ukiziacha mwenyewe ili "damu isitoke sana", unajiweka kwenye hatari ya donge la damu kwenye ubongo au mapafu. Damu ya kwenye fizi tunaijua namna ya kuizuia.

*Kidonge cha mifupa.* Wanaotumia prednisoloni muda mrefu wengine hupewa alendroneti, ile inayomezwa mara moja kwa wiki asubuhi na glasi nzima ya maji ukiwa umesimama au umekaa wima. Wengi hawaihesabu kama dawa. Itaje. Inaweza kufanya mfupa wa taya usipone baada ya jino kung'olewa, kwa hiyo kama jino linazibika, tutapigania kuliziba.

*Insulini.* Choma kama kawaida na ule kama kawaida. Hakuna anayekuja kung'olewa jino kwa ganzi akiwa amefunga.

3. Chagua siku na saa.

Ugonjwa ukiwa umetulia ndiyo wakati wa kuziba, kukwangua ugaga na kupima meno bandia. Ukiwa umelipuka, viungo vimevimba, homa juu, uchovu wa kulala mchana kutwa, kazi zisizo za haraka zisubiri. Lakini usaha na uvimbe wa taya havisubiri chochote.

Kuhusu saa, nakiri mfumo wetu haukuhurumii. Foleni inaanza saa 1 asubuhi, na mwenye baridi yabisi saa hiyo bado anajaribu kufunga vifungo vya shati. Mtume mtu achukue namba, wewe uje saa 4 viungo vikishalainika. Mwenye kisukari yeye awahi, baada ya kunywa chai na kuchoma insulini, asije akakutwa na saa 7 mchana sukari imeshuka.

4. Sema kabla ya sindano ya ganzi.

Hata kama hujaulizwa. Mwaka wangu wa pili kazini nilimng'oa jino mama mmoja aliyetoka kusini mwa ziwa. Nilimuuliza, "Mama, una presha? Una sukari?" Akajibu hapana, na alisema kweli. Sikuuliza zaidi, naye hakuona haja ya kutaja dawa ya kuyeyusha damu kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, "hiyo ni ya mguu." Alipanda boti jioni ile ile. Kesho yake alirudishwa na kanga imelowa damu. Alipona, lakini tangu siku hiyo naomba mfuko wa dawa kabla ya kumwambia mtu akae.

Sema pia kama:

- una vali ya moyo ya bandia, au uliwahi kuugua maambukizi ya ndani ya moyo. Huenda ukahitaji antibiotiki kabla ya kung'oa;
- figo zako zimewahi kuguswa;
- unachomwa sindano au kutundikiwa dripu ya kushusha kinga kila baada ya wiki au miezi kadhaa. Taja tarehe ya mwisho;
- una mimba.

5. Ukishakaa kwenye kiti.

Baridi yabisi ya muda mrefu inaweza kulegeza viungo vya juu vya shingo. Usikubali kichwa kulazwa nyuma sana. Omba mto, au kanga iliyokunjwa chini ya shingo. Taya likichoka, inua mkono, tutapumzika. Midomo mikavu ipakwe mafuta ya mgando kabla hatujaanza, maana midomo mikavu huchanika ikivutwa.

6. Dawa za maumivu na antibiotiki: usiingie duka la dawa peke yako.

Parasetamoli ndiyo salama kwa wengi: vidonge 2 vya mg 500 kwa mtu mzima, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ini bovu aulize kwanza.

Diklofenaki na ibuprofeni ndizo kila mtu anazikimbilia, na ndizo zenye mitego. Kwa mwenye lupasi ya figo zinaumiza figo. Pamoja na prednisoloni zinachimba tumbo. Pamoja na wafarini zinaleta damu. Pamoja na methotreksati zinaweza kuizuia isitoke mwilini.

Septrini, ambayo ni antibiotiki ya salfa, na methotreksati zisikutane kabisa: kwa pamoja zinaweza kuzima utengenezaji wa damu kwenye uboho. Na hata bila methotreksati, dawa za salfa zinaweza kuwasha lupasi iliyolala. Metronidazo, wengi tunaiita flajili, inapandisha nguvu ya wafarini. Jeli ya mikonazo ya fangasi wa mdomoni nayo hivyo hivyo. Hata mimi nikikuandikia, una haki ya kuniuliza, "Tabibu, umeona ninatumia hii?"

7. Baada ya kung'oa.

Uma gozi, kile kitambaa tutakachokuwekea, nusu saa bila kuchungulia. Usisukutue wala kuvuta soda kwa mrija kwa saa 24. Mate yameze. Siku hiyo kula uji wa vuguvugu, si wa moto. Kuanzia kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, baada ya kila mlo. Chumvi ya Uvinza inafaa, ya dukani inafaa, hakuna yenye cheo.

Dawa za kushusha kinga huchelewesha kidonda kupona, na prednisoloni inaficha homa. Mwenzako akiwa na jipu anatetemeka. Wewe unaweza kuwa na usaha na joto la mwili likabaki la kawaida. Usipime hatari kwa homa. Angalia uvimbe unaokua, harufu mbaya, maumivu yanayoongezeka siku ya 3 badala ya kupungua.

8. Kazi ya kila siku nyumbani.

Ningeweza kuiweka hatua hii ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua kama utanihitaji.

*Kinywa kikavu.* Mate yanasafisha, yanazimua tindikali, yanarudishia jino madini. Yakikauka meno hutoboka haraka, tena mahali pasipo pa kawaida: shingoni mwa jino karibu na fizi, au kwenye ncha za meno ya mbele. Piga funda dogo dogo la maji kutwa nzima. Kula chakula chenye mchuzi. Ugali wa muhogo na samaki mkavu bila mchuzi ni mateso, lakini migebuka ya kuunga na mawese inashuka. Bigijii isiyo na sukari inaamsha mate, ukiipata.

Sasa makosa ninayoyaona kila wiki. Kunyonya ndimu au embe bichi lenye chumvi na pilipili ili mate yatoke: yatatoka, na tindikali itakula meno. Pipi mdomoni siku nzima: sukari bila mate ya kuisafisha. Soda kidogo kidogo kutwa: afadhali uinywe yote mara moja pamoja na chakula, ikibidi. Na asali ya Tabora, najua ninagusa heshima ya watu. Asali nzuri naipenda kwenye chai. Lakini kuipaka usiku kwenye vidonda vya mdomo mkavu na kulala nayo ni kulisha wadudu wa meno.

*Kupiga mswaki.* Mara 2 kwa siku, ya usiku iwe kitu cha mwisho. Tazama boksi la dawa ya meno: tafuta namba kati ya 1000 na 1500, ndiyo kiasi cha floraidi. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji. Watu wazima wengi hili huwashinda, walizoea kusukutua mpaka povu liishe. Liache lifanye kazi. Kama dawa ya meno inakuwasha vidonda, jaribu isiyo na povu jingi. Mwenye kinywa kikavu mno anaweza kuandikiwa ile yenye floraidi 5000.

*Mikono isiyokunja.* Kata kipande cha kandambili kuukuu, osha vizuri, toboa katikati, pitisha mpini wa mswaki. Au zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpini mnene haukudai kukunja ngumi. Mdomo mdogo wa skleroderma utumie mswaki wa mtoto.

*Meno bandia.* Yatoke usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji safi. Ukilala nayo fangasi watakushukuru.

9. Rudi kabla ya kuumwa.

Kila miezi 6 kama mate yapo, kila miezi 3 au 4 kama kinywa ni kikavu au unatumia dawa za kushusha kinga. Unganisha na tarehe ya kliniki yako kubwa ili nauli iwe moja. Na kama daktari anapanga kukuanzishia kidonge cha mifupa au dawa kali ya kushusha kinga, pitia kwetu kwanza tuondoe meno mabovu mapema.

Mambo yakikwama

*Damu haikatiki.* Kaa wima, uma gozi au kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, dakika 30 kamili ukitazama saa, bila kufungua kuangalia. Bado? Rudi, hata usiku, nenda idara ya dharura. Usijaze majivu wala kahawa.

*Uvimbe umeshuka shingoni, kumeza kwa shida, ulimi umeinuka.* Hiyo haina nyumbani. Nenda hospitali sasa hivi.

*Utando mweupe mdomoni.* Ukifutika na kuacha wekundu, huenda ni fangasi. Nistatini ya matone husaidia. Ukiwa kama nyuzi za wavu mashavuni na haufutiki, ni kitu kingine, uonwe. Tukikuomba kupima VVU usiudhike wala usidhani tumekuhukumu. Dalili zinafanana, matibabu hayafanani.

*Kidonda hakijapona wiki ya 3.* Acha kubadilisha dawa za kusukutua. Kinatakiwa kukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Kama hapo ulipo hawawezi, omba barua ya rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, na wao wakiona inabidi watakutuma hospitali ya Bugando, Mwanza. Beba daftari lile lile.

*Fizi zinakua kufunika meno.* Tazama kama unatumia nifedipini, amlodipini au saiklosporini. Zote zinaweza kufanya hivyo. Usiiache, daktari anaweza kubadilisha, na ukoga ukiondolewa uvimbe hupungua.

*Tezi la mate chini ya sikio limevimba na halirudi.* Mwenye Sjögren asilivumilie hili. Kuna hatari ya saratani ya tezi za limfu (limfoma), nadra lakini ipo.

*Wamekataa kuning'oa.* Uliza sababu, omba iandikwe kwenye daftari. Mara nyingi wanasubiri majibu ya damu. Kukataliwa huko kusikupeleke kwa mng'oaji wa mtaani mwenye koleo na bei nafuu, wala usitie petroli au aspirini iliyosagwa kwenye tundu la jino. Vyote vinachoma fizi, jino linabaki pale pale.

*Nikiyang'oa yote, baridi yabisi itapona?* Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini hivyo, wakang'oa meno mazima ya maelfu ya watu, na viungo vikaendelea kuuma. Uhusiano upo, ila uko kwenye fizi: ugonjwa mbaya wa fizi na baridi yabisi huenda pamoja. Mzee mmoja wa Ujiji alikuja na ombi hilo hilo, ana meno 27, hakuna hata moja lililotoboka, fizi zimejaa ugaga. Tulikwangua kwa siku mbili tofauti kwa sababu taya lilimchoka. Anarudi Septemba.